Kupanga Madirisha Mengi kwenye Kompyuta ya Windows
Anayeandika ripoti huku akisoma jedwali la hesabu na kujibu barua pepe hujikuta na madirisha kumi yaliyofunikana, na muda wake mwingi huishia katika kutafuta. Njia ninayoithamini kuliko zote ni kuyaweka mawili ubavu kwa ubavu: bofya dirisha la jedwali, shikilia kitufe chenye nembo ya Windows, kisha bonyeza mshale wa kushoto, nalo litajaza nusu ya skrini, upande wa pili yataonekana madirisha yaliyobaki kwa picha ndogo, nawe utachagua la ripoti. Hapo unanakili tarakimu huku unaziona, bila kutegemea kumbukumbu.

Ili kurukia dirisha jingine, shikilia Alt huku ukigonga Tab hadi ulifikie.

Kuanzia Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, unaweza pia kufungua eneo-kazi la pili, yaani uwanja mwingine mtupu wa skrini wa kuwekea madirisha, kwa kubonyeza Ctrl, Windows na D kwa pamoja, ukaweka huko barua pepe peke yake, na kuhama kwa Ctrl, Windows na mshale wa kulia au wa kushoto. Ukilifunga eneo hilo, madirisha yake hayapotei, bali huhamia eneo la jirani.