Namna ya Kupiga Kambi Kando ya Ziwa Ellis, Mlima Kenya

Wengi wanaoingia Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria huwa wamekaza macho kwenye kilele cha Lenana, chenye urefu wa mita 4,985, nao hulipita Ziwa Ellis kama abiria anavyokipita kituo kisichokuwa chake. Kwa maoni yangu ziwa hili linastahili kufungiwa safari lenyewe. Liko kwenye kimo cha takriban mita 3,450, juu ya ukanda wa msitu na chini ya majabali, mahali ambapo mtu mwenye afya ya kawaida anaweza kufika kwa miguu bila kamba wala ujuzi wa kukwea miamba. Linalohitajika ni maandalizi, hasa dhidi ya baridi na unyevu, kwa maana hivyo viwili ndivyo vinavyoharibu kambi za huko kuliko jambo jingine lolote.

Anza kwa kuchagua majira. Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Tena miteremko ya mashariki, ambako ndiko Chogoria iliko, hupata mvua nyingi kuliko ile ya kaskazini. Januari na Februari ndiyo miezi ninayoipendekeza, kwa kuwa asubuhi huwa na anga safi na njia huwa kavu. Kipindi cha Julai hadi Septemba nacho kinafaa, ingawa ukungu hurudi mara nyingi zaidi. Jambo la majira si la kustarehe tu: barabara ya udongo inayotoka mji wa Chogoria na kukatiza msituni hadi lango la hifadhi ina urefu wa takriban kilomita 30, na mvua ikishika, hata gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne linaweza kukwama.

Kutoka Nairobi hadi Chogoria ni safari ya saa nne hivi kupitia Embu na Chuka. Mjini Chogoria ndipo pa kukamilisha mambo yote: kukodi gari la kukupandisha langoni, kukutana na mwongozaji wako na kununua chakula kilichobaki. Msitu unaouzunguka mlima uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, ilhali eneo la juu ni hifadhi ya taifa inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS. Ada za kuingia na za kulala hulipwa kwa mfumo wa serikali wa eCitizen. Angalia viwango vya sasa kabla ya kusafiri, na ulipe ukiwa bado mjini, kwenye mtandao wa uhakika. Usipande peke yako. Chukua mwongozaji anayeifahamu njia hii, na kama mzigo wenu ni mkubwa, ajirini wapagazi na muwalipe kwa heshima. Kabla ya kuondoka, hakikisheni kwamba nao wana nguo za baridi na mahali pa kulala.

Usiku wa kwanza lala langoni, kwenye kimo cha takriban mita 2,950, wala usione kwamba umepoteza siku. Mwili uliozoea Nairobi, na zaidi ule uliozoea Mombasa, unahitaji muda wa kuizoea hewa yenye oksijeni haba. Kesho yake tembea polepole kuelekea ziwani, ukinywa maji mara kwa mara hata kama huna kiu. Mtu akilalamika maumivu ya kichwa, kichefuchefu au kukosa hamu ya kula, apumzike na asipande zaidi. Akianza kuyumba anapotembea, kuchanganyikiwa, au kuhema akiwa amekaa, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku, kwa sababu kushuka ndiyo tiba, na kungoja asubuhi kunaweza kumgharimu maisha.

Juu ya mlima mawingu huwa na desturi yake: alfajiri ni kweupe, saa tano au saa sita mchana ukungu huanza kupanda kutoka bondeni, na alasiri huweza kunyesha au kuanguka mvua ya mawe. Kwa hiyo ondoka langoni mapema, ili hema liwe limesimama kabla ya saa nane mchana. Hema lililosimamishwa likiwa kavu humpa mtu usiku mzuri. Lililosimamishwa mvuani huwa limekwisha kuingiza maji kabla hujalala.

Kuhusu mahali pa kulisimamisha, wageni wengi hutaka ukingoni kabisa mwa maji, nami naelewa ni kwa nini, maana mandhari ya pale yanavuta sana. Hata hivyo ukingo si mahali pazuri. Hewa ya baridi ni nzito, nayo usiku huteremka na kutuama katika bonde la ziwa, hivyo mahema ya chini hupata umande na sakitu, yaani umande ulioganda, kwa wingi kuliko yaliyo juu kidogo. Ardhi ya karibu na maji nayo huwa chepechepe, na kukanyagwa kwake huua nyasi ambazo katika baridi ile huchukua muda mrefu sana kuota tena. Tumia eneo ambalo tayari limezoea kupigwa kambi, angalau mita 60 kutoka majini, penye mwinuko mdogo na kinga ya upepo. Usisafishe mahali papya kwa kung'oa mimea. Lobelia na senesio kubwa unazoziona huko hukua polepole mno.

Baridi ya usiku hushuka hadi nyuzi sifuri za selsiasi au chini yake, hasa katika miezi mikavu ambapo anga halina mawingu ya kuzuia joto lisipotee. Mfuko wa kulalia uwe wa kuhimili angalau nyuzi tano chini ya sifuri. Lakini mfuko mzuri bila godoro la povu chini yake haufai kitu, kwa kuwa ardhi ndiyo inayonyonya joto la mwili usiku kucha. Acha suruali za jinzi na fulana za pamba nyumbani. Pamba ikilowa hukaa na maji na kumpoza aliyeivaa. Chukua nguo za sufu au za nyuzi za viwandani, koti lisilopitisha maji, kofia, glavu, na soksi kavu ambazo utazivaa wakati wa kulala tu. Mchana, kinyume chake, jua la Ikweta kwenye kimo kile huunguza ngozi hata penye ukungu, hivyo mafuta ya kujikinga na kofia pana ni vya lazima.

Jikoni kuna mambo mawili ambayo wapishi wa nyanda za chini huyasahau. La kwanza, kwenye kimo hicho maji huchemka yakiwa na nyuzi 88 au 89 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharagwe na githeri mbichi vitakumalizia gesi bila kuiva. Pika vyakula vizito nyumbani, na huko juu upike vinavyoiva upesi: uji, tambi, viazi vilivyokatwa vidogo, ndengu zilizokwisha kuchemshwa, pamoja na chapati za kupasha moto. La pili, gesi ya butani tupu hukataa kugeuka mvuke halijoto inapokaribia sifuri. Nunua mitungi yenye mchanganyiko wa propani, na usiku ulale nayo ndani ya mfuko wako wa kulalia ili asubuhi jiko liwake. Maji ya ziwa yanavutia, lakini yachemshe kwa dakika tatu kamili kabla ya kunywa.

Moto wa kuni usiuwashe kabisa. Mwezi Machi 2012 moto uliteketeza sehemu kubwa ya nyasi na vichaka vya mlima huu, na katika ukame cheche moja inatosha. Wanaotamani kuota moto wafanye hivyo langoni, mahali palipotengwa, kwa idhini ya askari wa wanyamapori.

Usioge wala kuosha sufuria ziwani, hata kwa sabuni inayosemekana haina madhara. Maji ya upande huu wa mlima huishia Mto Tana, na kuna wafugaji wa Garissa na wakulima wa Kipokomo huko chini wanaoyategemea. Chota maji, osha mbali na ukingo, kisha uyamwage juu ya ardhi. Kama hapana choo karibu, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, mbali na maji kwa zile mita 60, na karatasi uzifunge urudi nazo, kwa kuwa katika udongo wa baridi haziozi upesi. Plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku katika hifadhi na misitu ya Kenya tangu tarehe 5 Juni 2020, kwa hiyo chupa za maji za dukani zisipite langoni.

Nyati na tembo wako upande huu, wengi wao wakiwa msituni na katika ukanda wa mianzi. Usitembee gizani bila mwongozaji, na ukiona kinyesi kibichi njiani, paza sauti na kupunguza mwendo. Chakula kifungiwe ndani ya vyombo vigumu, maana panya na pimbi hutoboa mifuko.

Siku ya kuondoka, subiri jua likaushe hema ikiwa anga linaruhusu, kagua nyasi zote mlipolala, na muwe langoni kabla ya mvua ya alasiri. Jiandikisheni kwamba mmetoka, wote kwa idadi ileile mliyoingia nayo, ili askari wasiwatafute bure. Mkifika nyumbani, litandazeni hema tena hadi likauke kabisa kabla ya kulikunja, kwa sababu likihifadhiwa na unyevu litaota ukungu na kuanza kuvuja.