Kufunga sabufa kwenye boksi bila kuvujisha hewa

Boksi la sabufa linalovuja utalijua kwa sikio: kila besi inapopiga, pembeni kuna kitu kinafanya "fsss", na besi yenyewe inatoka legevu. Hapa Majengo, Goma, mtu akisikia hivyo analaumu wufa, yaani spika yenyewe ya besi, kesho yake yuko Birere anatafuta nyingine. Mara nyingi wufa haina kosa. Hewa iliyofungiwa ndani ndiyo springi inayoirudisha koni, ule uso wa wufa unaotetemeka, mahali pake. Ikipata pa kutokea, koni inatembea kupita kiasi na besi inapotea. Nazungumzia boksi lililozibwa kabisa, lisilo na tundu la besi.

Mimi hutumia tripleksi, yaani plaiwudi, ya milimita 18. MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, hukatika vizuri zaidi, lakini mabafle (maboksi ya spika) ya kanisa hubebwa juu ya pikipiki, mvua ikinyesha njiani MDF inavimba kingo na hairudi tena. Kabla ya kulipa, tazama ubavu wa tripleksi: ile ya bei ya chini ina mapengo kati ya tabaka, na hewa hupita humo humo. Vipande vya kukazia ndani viwe vikavu. Mkaratusi mbichi utapinda na kuvuta kiungo kizima.

Vijana ninaofanya nao kazi nawaambia hivi: kiungo ambacho hakitafunguliwa tena kipe gundi, kitakachofunguliwa kipe sponji.

Kuta zote ni za gundi. Paka gundi nyeupe ya mbao upana mzima wa kiungo, si mstari mwembamba katikati. Toboa kwanza kwa biti nyembamba, kisha tia skrubu kila sentimita 10 hadi 15. Ukikaza, gundi ichomoze kidogo urefu wote wa kiungo. Pasipochomoza, pana njaa ya gundi. Ikishakauka, ingiza mkono kupitia tundu la wufa na upake kona zote za ndani kwa kidole, gundi hiyo hiyo ukiichanganya na unga laini wa mbao. Silikoni nayo inaziba vizuri, ila ile inayonuka kama siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inaweza kula shaba ya wufa. Acha boksi wazi mpaka harufu iishe kabisa, siku moja au mbili, ndipo ufunge. Na kile kisahani cha nyuma cha kuunganishia waya, ambacho karibu kila mtu hukisahau, kizibwe pia.

Tundu usilichore kwa kuamini jina. Wufa ya inchi 12 huhitaji tundu la karibu sentimita 28, kwa sababu ukingo wa chuma lazima ulale juu ya mbao. Pima yako. Kipande cha ubao, msumari upande mmoja na penseli upande mwingine vinatosha kuchora duara.

Sasa sponji. Chukua utepe wa kubandika kwenye madirisha, wenye upana wa kama sentimita moja. Sponji ya godoro haifai: weka mdomo, pulizia, utaona pumzi inatokea upande wa pili. Bandika utepe kuzunguka tundu, ndani ya mstari wa skrubu, na ncha mbili uzikate mshazari ili zikutane bila mwanya. Hapo ndipo kijana huniuliza ("yaya" kwetu ni kaka au dada mkubwa), "Yaya, si tupake tu silikoni tumalize?" Hapana. Wufa ya kwaya itaungua siku moja, na atakayeifungua atalazimika kutumia patasi, aondoke na ngozi ya mbao.

Skrubu zote ziingie kwa mkono kwanza, zikiwa legelege. Kisha kaza moja, uende kwenye iliyo mkabala nayo, hivyo hivyo mpaka uzimalize. Sponji ikilala, simama: ukizidisha, ukingo mwembamba unapinda na koili, waya uliozungushwa nyuma ya koni, inaanza kukwaruza. Sumaku huvuta bisibisi, kwa hiyo kiganja kimoja kiukinge mpira wa koni muda wote.

Kujaribu: tandaza vidole kuzunguka katikati ya koni, sukuma taratibu kwa mikono miwili, achia. Ikirudi polepole, boksi limeshika. Ikirudi papo hapo, kuna mwanya. Ili kuupata, piga sauti ya hezi 30, yaani besi ya chini sana, kwa kiwango cha chini, washa udi, upitishe kando ya viungo. Moshi ukirukaruka mahali, pazibe hapo.

Kama ni sabufa mbili, gusisha kila moja kwa sekunde na betri ya volti 9, chanya kwa chanya. Koni zote mbili zitoke nje. Moja ikiingia ndani, geuza waya zake, la sivyo zitauana besi. Baada ya wiki moja ya kupiga, pitia skrubu tena kwa bisibisi ya mkono, maana sponji huwa imebonyea kidogo.