Kufunga Minyororo ya Matairi ya Trekta kwa Kazi ya Kuondoa Theluji

Trekta la tani kadhaa huweza kushindwa kusukuma theluji isiyofika hata magotini, si kwa kukosa nguvu za injini, bali kwa sababu matairi yanateleza juu ya barafu iliyojificha chini yake. Minyororo huondoa tatizo hilo, mradi ilingane na tairi na ifungwe ikakaza.

Uchaguzi ndio unaowaponza wengi. Tairi la shambani lina meno marefu ya mshazari yenye mianya mipana kati yake. Mnyororo wa mtindo wa ngazi, wenye vipande vinavyokatiza tairi kutoka ubavu mmoja hadi wa pili na si zaidi, huzama katika mianya hiyo, na barafu ikabaki inaguswa na mpira huku chuma kikiwa kimelala bila kazi. Kwa tairi la namna hiyo chagua mnyororo uliosukwa kama wavu, ambao vipande vyake vya kukatiza vimeungwa pamoja visitumbukie. Wa ngazi unafaa kwa matairi yenye meno mafupi yaliyosongamana. Unaponunua, fuata namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, kwani matrekta ya muundo mmoja huweza kuwa na matairi tofauti.

Kabla ya kufunga, hakikisha kuna nafasi ya kutosha kati ya tairi na madigadi pamoja na mabomba ya haidroli. Ukiwa na jozi moja tu, ifunge nyuma, kwa kuwa katika matrekta mengi breki ziko huko, na kwenye mteremko kusimama ni muhimu kuliko kusukuma. Ukifunga mbele pia, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili uone kama mnyororo unagusa chochote.

Usipunguze upepo wa tairi. Tandaza mnyororo juu ya tairi ukiwa haujajisokota, kulabu za vipande vya kukatiza zikielekeza midomo nje, mbali na mpira, la sivyo zitauchana ubavu wa tairi kidogo kidogo. Sogeza trekta taratibu, msaidizi akiwa amekaa mbali, mpaka ncha mbili zifikike. Kisha zima injini, vuta breki ya mkono, unga upande wa ndani kwanza, halafu wa nje. Pingili zinazobaki ziwe sawa pande zote mbili, na zifungwe kwa waya zisipigepige. Endesha trekta mwendo mfupi, simama, ukaze tena, maana mnyororo hulegea mara tu unapojipanga. Mikanda ya mpira ya kukazia mnyororo husaidia, lakini haiwezi kuokoa mnyororo uliofungwa ovyo.

Kazini tumia gia nzito na uepuke kuzungusha gurudumu papo hapo, kwani chuma kitachimba lami au zege. Kijiko cha mbele kikijaa, uzito huhamia mbele na magurudumu ya nyuma hubaki mepesi, kwa hiyo funga uzito nyuma na ubebe kijiko chini.

Msimu ukiisha, osha minyororo, ikaushe, ipake mafuta na uitundike. Pingili iliyolika hadi nusu ya unene wake ibadilishwe kabla ya theluji nyingine, kwani ikikatika kazini kipande chake huchapa madigadi na mabomba kila gurudumu linapozunguka.