Namna ya Kujitolea Bila Kuwa Mzigo kwa Waokoaji

Anayetaka kuwasaidia zimamoto na vikosi vya uokoaji hana budi kuanza kabla ya maafa kutokea, kwa sababu moyo wa huruma peke yake haumkingi mtu asiangukiwe na ukuta. Tetemeko lilipoikumba Mexico City mwaka 1985, wananchi wasio na mafunzo waliokoa watu wapatao 800, lakini inakadiriwa kuwa takriban 100 kati ya waokoaji hao walipoteza maisha.

Jiandikishe mapema katika kikosi au katika chama cha Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu, nawe uulize waziwazi ni mafunzo gani utapewa, utapokea amri kutoka kwa nani, na nani atakugharamia matibabu ukiumia.

Anza na huduma ya kwanza. Jifunze kuzuia damu kwa kukigandamiza kidonda bila kuachia, na kumkandamiza kifua mtu mzima ambaye moyo wake umesimama, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6 na kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana kila baada ya dakika 2 kwa kuwa mikono huchoka upesi kuliko mtu anavyodhani. Rudia mazoezi mara kwa mara, maana ujuzi huu hufifia baada ya miezi michache tu.

Ukifika kwenye tukio, usiguse chochote kabla ya kuripoti kwa kamanda, ambaye ataandika jina lako na mahali alipokupangia, ili jengo likiporomoka tena ajulikane nani wa kutafutwa. Fanyeni kazi wawiliwawili. Usiingie penye moto wala moshi.

Huenda ukapangiwa kusafisha njia ya magari ya wagonjwa, kubeba machela, au kuandika majina ya majeruhi na hospitali walikopelekwa. Kazi hii ya mwisho wengi huidharau, ilhali kwangu haina kifani: bila orodha hiyo, mama atazunguka usiku kucha akimtafuta mwanawe wodi kwa wodi. Majina hayo ni siri, na picha za majeruhi hazipigwi.

Zamu ikiisha, mwarifu kamanda kwamba unaondoka. Usingizi ukikukimbia kwa wiki kadhaa, mweleze kiongozi wako akuunganishe na mshauri nasaha kabla hujapangiwa zamu nyingine.