Somo: Kuandika riwaya ya kijana anayebeba siri ya nyumba yao

Katika miswada ya riwaya za vijana niliyoisoma kwa miaka kadhaa ya kuendesha mafunzo ya uandishi, kosa linalojirudia kuliko yote si la sarufi wala la tahajia. Mwandishi hueleza vizuri tatizo la familia, uwe ni ulevi wa baba, ugomvi wa wazazi au mama kuondoka nyumbani, kisha humkalisha kijana pembeni akilia hadi sura ya mwisho. Mimi mwenyewe nilianza hivyo. Mswada wangu wa kwanza ulikuwa na vipigo vitano ndani ya sura tatu, na mhariri aliyeurudisha aliandika kwa penseli pembeni mwa ukurasa kwamba katika nyumba hii kila mtu analia na hakuna anayepika. Nilinuna wiki nzima, kisha nikamwelewa. Nyumba yenye matatizo ina kazi nyingi kuliko nyumba yenye amani, na sehemu kubwa ya kazi hizo humwangukia mtoto mkubwa. Somo hili linahusu kazi hizo.

Hatua ya kwanza: tatizo moja

Chagua tatizo moja na uliandike kwa sentensi moja isiyo na neno la jumla. "Umaskini" hautoshi kuwa tatizo la riwaya, na "mmomonyoko wa maadili" ni mada ya semina. Kwa ajili ya somo hili nitatumia mfano wa kubuni: mama mmoja wa Mbagala, anayeuza nyanya na mboga gengeni, amechukua mkopo wa kausha damu, yaani mkopo wa mtaani wenye riba kubwa na marejesho ya harakaharaka, bila kumwambia mumewe, ambaye ni dereva wa lori la Tunduma na hukaa safarini wiki kadhaa. Binti yao, Mwanahawa, ana miaka 15 na yuko kidato cha pili. Hayo yanatosha. Usimwongezee mdogo wake maradhi, wala usimuue bibi katika sura ya nne kwa sababu umeona hadithi imepoa.

Hatua ya pili: kazi ambayo tatizo limempa kijana

Hapa ndipo penye riwaya yenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo. Deni ni la mama, lakini anayefungua mlango siku ya marejesho ni Mwanahawa. Yeye ndiye anayesema mama hayupo, huku mama akiwa chumbani amezima redio. Yeye ndiye anayepokea simu ya baba jioni na kumwambia kwamba nyumbani wote hawajambo. Friji inapochukuliwa na wakopeshaji, yeye ndiye anayepewa maneno ya kumwambia baba akirudi, kwamba imeharibika na iko kwa fundi. Kila mmoja wetu anakijua kile kichekesho cha mtoto mdogo aliyetumwa mlangoni akasema, "Mama amesema nikwambie hayupo." Tunacheka kwa sababu mtoto wa miaka mitano hajui kusema uongo. Riwaya ya vijana inaanza pale mtoto huyo anapokua, akajua, na akawa hodari.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kijana wako ndiye kata: kila siku anazama ndani ya mtungi na kutoka nje, na watu wa nje wanamwona yeye, hawauoni mtungi.

Ziangalie riwaya ambazo wasomaji wamekwisha kuzipima. Katika Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, ulevi wa baba hautajwi kama sifa ya baba tu. Watoto wanapofukuzwa shule, inawabidi wenyewe watafute cha kufanya katika jiji la Dar es Salaam, na hadithi inawafuata huko. Katika Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, kutokuwapo kwa baba kunageuka safari, na msomaji anatembea na kijana kutoka Tanga hadi ndani ya Kenya akimtafuta. Katika Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, baba amefariki na mama ameondoka, na Umu anajikuta mkubwa wa nyumba kabla ya wakati wake, kiasi kwamba wadogo zake wanapoibwa na mtumishi wa nyumbani, hasara hiyo ni yake kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote.

Zoezi: andika kwenye karatasi kazi zote za kijana wako tangu alfajiri hadi anapolala, zikiwamo zile zisizoonekana kama kazi, kwa mfano kusikiliza hatua za baba kizani ili kujua kama leo amelewa. Kisha tafuta moja ambayo kijana akiiacha, nyumba haitasimama tena kama ilivyokuwa. Riwaya yako imo katika kazi hiyo.

Hatua ya tatu: mwaka wa hadithi

Waandishi wengi huiruka hatua hii, na walimu wa fasihi huwakamata hapohapo. Matatizo ya familia hubadilika pamoja na sheria na sera za nchi, na msomaji wa miaka 16 anazijua kwa sababu zimemgusa. Ukiandika kwamba mwanafunzi wa shule ya serikali Tanzania alirudishwa nyumbani kwa kukosa ada ya kidato cha pili mwaka 2018, umekosea, kwa kuwa elimu bila ada hadi kidato cha nne ilianza Januari 2016; baada ya hapo mzazi anahangaika na sare, madaftari na nauli. Kwa Kenya, ada ya shule za msingi za umma iliondolewa mwaka 2003. Msichana wa Tanzania aliyepata ujauzito akiwa shuleni ana hadithi moja kabla ya Novemba 2021 na nyingine baada yake, kwa sababu ndipo serikali iliporuhusu wanafunzi wa namna hiyo kurudi katika shule za kawaida.

Ndoa ya utotoni ni hivyohivyo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilivitamka vifungu hivyo kuwa ni kinyume cha Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo Oktoba 2019. Baba katika riwaya ya mwaka 1985 anaweza kusema kwa kujiamini kwamba sheria iko upande wake, na akawa sahihi. Baba wa mwaka 2020 akisema hivyo, shangazi aliyesikiliza taarifa ya habari anaweza kumjibu. Mabishano hayo ni tukio zima ulilopewa bure. Mimi nimempa Mwanahawa mwaka 2023, kwa sababu mikopo ya kausha damu inajulikana kila mtaa na simu ya mkononi imo katika kila tukio.

Hatua ya nne: mzazi awe mtu

Mpe mzazi saa moja nzuri. Mama wa Mwanahawa alichukua mkopo ili kulipa kodi ya miezi sita na kununua viatu vya shule. Hakuwa akichezea pesa. Jioni ile ile aliyomfundisha binti yake kudanganya, anamsuka nywele kibarazani, taratibu, akiwa amembana kichwa kwa magoti, na wote wawili hawasemi lolote. Msomaji akimpenda mama, uongo utamuuma zaidi.

Hatua ya tano: tukio badala ya hotuba

Nimeshika mswada wenye sentensi hii: "Alihuzunika sana kutokana na hali ngumu ya maisha iliyoikumba familia yao." Sentensi haina kosa la lugha, lakini haina mtu ndani yake. Sasa soma jaribio hili:

Hodi ilipigwa mara tatu, polepole, hodi ya mtu asiye na haraka kwa kuwa anajua atalipwa. Mwanahawa aliingiza miguu katika kandambili zilizokuwa mlangoni, akagundua ni za mama, akazivua na kuzisukuma chini ya kochi. Akafungua akiwa pekupeku.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mama yupo?"

"Ametoka tangu asubuhi."

Yule kaka alitazama uani, kwenye jiko la mkaa, ambapo sufuria ya maharage ilikuwa ikitokota.

"Nani anapika?"

"Mimi."

"Leo Jumanne. Shule hukwenda?"

Angalia kandambili. Hakuna mahali tulipoambiwa kwamba binti anaogopa, wala kwamba amekwisha kuzoea, lakini mkono wake unaosukuma viatu chini ya kochi umetuambia yote mawili. Angalia pia jinsi uongo mmoja ulivyodai wa pili, na wa pili ukafungua swali la shule, ambalo ndilo gharama halisi ya deni hili. Sura inayofuata imekwisha kupatikana bila mwandishi kuitafuta.

Hatua ya sita: mwisho

Mjomba asitokee Muscat na bahasha ya riali. Pia kijana asiokoe nyumba nzima peke yake, kwa kuwa hatakuwa kijana tena bali malaika. Kinachoweza kubadilika kwa ukweli ni idadi ya watu wanaojua siri. Mwanahawa anaweza kumwambia mwalimu wa malezi, au shangazi, au afisa ustawi wa jamii, na deni likabaki palepale huku yeye akiacha kufungua mlango.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Bungoma: Mwalimu, nafundisha sekondari ya kutwa. Nikiandika wazi kuhusu ukatili wa baba nyumbani, je, kitabu hakitakataliwa shuleni?

Jibu: Kinaweza kukataliwa, na hilo lisikushangaze. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, inamhusu binti wa Ukerewe ambaye baba yake, Zakaria, ni mlevi na mkali, na anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Ilipigwa marufuku shuleni, na baadaye ikaja kusomeshwa humohumo. Ushauri wangu ni kwamba uandike kipigo kwa ufupi na matokeo yake kwa urefu. Anayetaka kukizuia kitabu hutafuta ukurasa wa kipigo. Mwanafunzi atakumbuka asubuhi iliyofuata, binti alipovaa sweta la shule kwenye joto ili kuficha mikono.

Swali, kutoka Tanga: Nitumie nafsi ya kwanza au ya tatu?

Jibu: Siku Njema imesimuliwa katika nafsi ya kwanza, Rosa Mistika katika nafsi ya tatu, na zote mbili zinasomwa hadi leo. Ukitumia "mimi", kumbuka kwamba kijana anayedanganya mlangoni anaweza kumdanganya msomaji pia. Hiyo ni nafasi nzuri, itumie.

Swali, kutoka Nairobi: Wahusika wangu wanazungumza Sheng. Je, niisanifishe?

Jibu: Msimulizi aandike Kiswahili sanifu, na vijana wazungumze wanavyozungumza, kwa kipimo. Maneno ya mtaani huzeeka haraka kuliko kitabu. Zaidi ya hayo, kijana huyohuyo hubadilisha lugha anapozungumza na bibi yake, na badiliko hilo linaonyesha malezi kuliko aya nzima ya maelezo.

Swali, kutoka Iringa: Mwalimu, shikamoo. Hadithi ninayoandika ni ya nyumbani kwetu. Mama yangu yu hai na anasoma. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwanza malizia rasimu bila kumwonyesha mtu, kwa sababu ukianza kumwogopa msomaji mmoja, kila mhusika atakuwa mpole. Kisha badilisha mambo ambayo jirani angeyatambua: mtaa, kazi ya mzazi, idadi ya watoto, hata jinsia ya mhusika mkuu. Utashangaa kuona kwamba ukweli ulioutaka haupungui. Baada ya hapo, kabla ya kuupeleka mswada kwa mchapishaji, mpe mama ausome, naye ajue kwamba bado unaweza kurekebishwa. Akisema jambo fulani lisitoke, jiulize kama hadithi inasimama bila hilo. Mara nyingi inasimama. Ikiwa haisimami, iache kabatini kwa muda. Waandishi wengi wana kabati la namna hiyo, nami ninalo.

Swali, kutoka Mwanza: Naendesha klabu ya uandishi shuleni. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza ameniletea hadithi ya msichana anayefanyiwa ukatili na ndugu wa nyumbani, na sina hakika kama ni ya kubuni.

Jibu: Weka kalamu nyekundu pembeni. Usisahihishe, usiisome mbele ya wenzake, na usiwaite wazazi kabla hujajua nani anatuhumiwa. Zungumza naye mahali ambapo hamtasikiwa lakini mnaonekana, umuulize kwa upole kama anamjua msichana huyo, na usimwahidi kwamba utaficha. Simu ya msaada kwa mtoto ni 116, Tanzania na hata Kenya, na haitozwi. Vituo vingi vya polisi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto. Ikithibitika kuwa ni ya kubuni, hutakuwa umepoteza kitu, na utakuwa na mwandishi mzuri darasani.

Swali, kutoka Mbagala: Naomba kuuliza tu, baba yake Mwanahawa aliporudi, alijua?

Jibu: Sijaamua. Nimeandika hadi pale anapoingia, anavua kofia, na kutazama kona ya sebule ambapo sakafu ina mraba safi wa saruji mahali friji ilipokuwa. Anauliza, "Fundi gani?" Mwanahawa anageuka kumtazama mama. Nimekwama hapo wiki ya pili sasa. Anayetaka kulifanya zoezi lake la kwanza, aendelee kuanzia hapo, kwa kurasa zisizozidi tatu.