Jinsi ya kupima bei ya sola kabla ya kununua

Anza na gharama unayoibeba sasa. Kwa mwezi mzima, andika daftarini kila kipimo cha mafuta ya taa, kila betri ya tochi na kila shilingi unayolipa dukani kuchaji simu, kwa kuwa jumla hiyo ndiyo mizani ya kweli ya paneli. Nchini Kenya mizani hiyo iliinama mwaka 2018, serikali ilipotoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta hayo. Taa ya sola ikawa nafuu zaidi ikilinganishwa na koroboi, ingawa bei yake yenyewe haikuguswa.

Kisha tazama kodi. Msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifaa vya sola uliondolewa mwaka 2020, ukarejeshwa 2021. Kwa seti ya shilingi 20,000, kodi hiyo ya asilimia 16 ni shilingi 3,200, na kwa familia inayodunduliza fedha hizo zinatosha kuahirisha ununuzi mpaka mavuno mengine. Fuatilia basi Muswada wa Fedha kabla ya Julai.

Ukilipa kidogo kidogo, jumlisha yote: tuseme kianzio ni shilingi 3,000 na malipo ni 50 kila siku kwa siku 400, utakuwa umelipa 23,000.

Ukipata ruzuku, uliza kama inagusa betri pia, kwani paneli hudumu miaka 20 na zaidi, ilhali betri huchoka mapema.