Bustani juu ya slabu: namna ya kuzuia mvua isishuke yote kwa mkupuo

Wiki iliyopita nimemaliza kazi kwa mama mmoja Sinza, Dar es Salaam. Slabu yake, yaani paa bapa la zege, ina mita za mraba 60. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 50 ilikuwa ikishusha lita 3,000 kwa bomba moja, na zote zinaishia mlangoni kwa jirani. Udongo mwepesi wa kina cha sentimita 10, ukiwa mkavu, unaweza kushika kama lita 30 kwa mita: hapo ni lita 1,800. Masika yakikolea udongo hushiba, lakini bado huchelewesha maji, na mtaro hupata nafasi.

Hatua ya 1: Uzito
Udongo wa kawaida wa sentimita 10 ukilowa hukaribia kilo 200 kwa mita ya mraba. Mwite mhandisi wa majengo kabla hujanunua hata gunia moja. Paa la bati liache.

Hatua ya 2: Kuzuia uvujaji
Hapa usiwe na haraka. Rangi ya kuzuia maji siitaki, kwa jua letu hupasuka. Tumia lami ya karatasi inayobandikwa kwa moto, matabaka mawili, maungio yasikutane. Ipandishe ukutani sentimita 15 juu ya usawa wa udongo. Juu yake tandika nailoni nzito, maana mizizi hupenya lami.

Kisha jaribu. Ziba bomba, jaza maji sentimita 5 (hizo ni kilo 50 kwa mita, mhandisi ajue), chora mstari kwa penseli ukutani, uache saa 48. Jua nalo hunywa maji, kwa hiyo weka beseni la maji pembeni: slabu ikipungua kuliko beseni, kuna tundu. Nyumba yangu ya kwanza nilijaribu usiku mmoja tu. Masika yalipoingia, dari ya chumba cha watoto ikalowa, tukashusha udongo wote kwa ndoo siku mbili. Tundu lilikuwa kwenye mdomo wa bomba: lami iliishia ukingoni badala ya kukunjwa na kuingizwa ndani. Tangu siku hiyo mdomo wa bomba naushughulikia mwenyewe, simwachii kibarua.

Toboa pia bomba la pili la dharura ukutani, juu kidogo ya udongo. La kwanza likiziba, slabu isigeuke bwawa.

Hatua ya 3: Matabaka
Kokoto ndogo sentimita 3, kitambaa cha kuchujia, halafu udongo. Mimi huchanganya matofali ya kuchoma yaliyopondwa, makumbi ya nazi na mboji kidogo. Mboji ikizidi, udongo hudidimia. Kuzunguka bomba weka boksi la wavu lenye kokoto tupu na mfuniko wa kufunguka.

Hatua ya 4: Mimea
Shubiri na mimea mingine ya majani manene inayostahimili kiangazi. Ukoka usipande kabisa, mizizi yake hutafuta maungio. Mwagilia miezi miwili ya mwanzo. Kabla ya vuli na masika fungua boksi, toa majani, na ung'oe miche ya mitini iliyoletwa na ndege ingali na urefu wa kidole.